Sewa Haji: jina lililoko Muhimbili, mali iliyotoka Bagamoyo

Mgonjwa akilazwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, jambo la kwanza wanaloulizana ndugu wanaokuja kumjulia hali ni jengo alilopo, na majibu huwa Kibasila, au Mwaisela, au Sewahaji. Jina hilo la mwisho limetamkwa kwa miaka mingi kama neno moja, hata wapo wanaoamini kuwa ni la mzee wa Kizaramo wa zamani. Wengine husema ni Mwarabu aliyekwenda kuhiji Makka, na wengine waliosikia nusu ya habari hushikilia kwamba huyo ndiye Mhindi aliyeijenga Muhimbili yote kwa fedha za mfukoni mwake. Kauli zote hizo zina kosa, ingawa ile ya mwisho haiko mbali sana na ukweli, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo ngumu zaidi kuisahihisha.

Tuanze na jina lenyewe. Mtu huyu aliitwa Sewa Haji Paroo. Kwa desturi ya jamii yake, jina la pili la mtu ni la baba yake, kama ilivyo kwetu tunapomwita kijana Juma Hamisi. Haji hapa ni jina la baba. Si cheo cha mtu aliyetimiza hija. Paroo ni jina la ukoo. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1851 katika familia ya Makhoja wa madhehebu ya Ismailia, Waislamu wanaomfuata Aga Khan, na wazee wake walitoka Kutch, upande wa magharibi mwa Bara Hindi. Inafaa kulikumbuka hilo kwa sababu neno "Mhindi" katika Kiswahili limekuwa kama kapu kubwa linalotiwa kila kitu: Banyani asiyekula nyama, Bohora, Khoja, Mgoa Mkristo na Singasinga. Watu hao hawakuwa na dini moja, hawakuoana ovyo ovyo, na mara nyingi walikuwa washindani wakali wa biashara.

Hapo hapo tuondoe dhana nyingine iliyozoeleka, kwamba Wahindi wa Afrika Mashariki ni wajukuu wa vibarua walioletwa na Waingereza kujenga reli. Reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda ilianza kujengwa mwaka 1896, wakati Sewa Haji alikuwa mtu mzima wa miaka 45, aliyezaliwa hapa hapa pwani na baba mwenye duka. Sehemu kubwa ya vibarua wa reli walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Wafanyabiashara walikuja kwa majahazi yaliyofuata pepo za kaskazi na kusi, na wengi wao walikuwa wamekwisha kukaa Unguja katika enzi za Sayyid Said, kabla Mjerumani yeyote hajapandisha bendera Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekeana na Unguja.

Kabla ya kuzungumzia alichotoa mtu, ni vizuri kujua alikipata wapi. Mali ya Sewa Haji ilitokana na misafara. Katika karne ya 19 bidhaa kubwa ya bara iliyotafutwa na Ulaya, Marekani na Bara Hindi ilikuwa pembe za ndovu, zilizokwenda kutengenezwa bangili, vitana, mipira ya biliadi na vibao vya piano. Pembe hizo zilikuwa mbali sana na bahari. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora msafara ulitembea kwa muda wa miezi mitatu hivi, na hapakuwa na gari wala mnyama wa kutegemewa, kwa kuwa mbung'o waliwaua punda, ng'ombe na farasi njiani. Kila kitu kilibebwa na binadamu. Mpagazi, ambaye mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, alichukua mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani, na msafara mmoja uliweza kuwa na mamia ya watu wa aina hiyo.

Sasa fikiria mtu anataka kuondoka Bagamoyo kwenda bara. Anahitaji bidhaa za kubadilishana, kwa sababu bara hapakuwa na sarafu iliyokubalika kila mahali: nguo za merikani zilizopimwa kwa doti, kaniki, shanga za rangi ambazo kila nchi ilikuwa na mitindo yake, waya za shaba, baruti. Anahitaji wapagazi waliopewa malipo ya awali. Anahitaji nguo za ziada za kulipa hongo kwa watemi ambao njia inapita katika nchi zao, na posho ya kuwalisha watu safari nzima. (Maneno hayo mawili, hongo na posho, ni mabaki ya safari zile, siku zile hongo ilikuwa ushuru halali uliotozwa hadharani, na sijui wazee wangesema nini wangesikia maana iliyolishika leo.) Kisha anahitaji mtu wa kumwamini kwa mkopo, kwa kuwa wachache sana walikuwa na uwezo wa kununua yote hayo kwa fedha taslimu.

Kazi ya Sewa Haji ilikuwa kuyakusanya mahitaji hayo yote chini ya paa moja. Wauza duka wetu wa leo wangeielewa mara moja, kwani msingi wake ni ule wanaouita mali kauli: unachukua mzigo leo kwa neno lako, unalipa ukishauza. Tofauti ni kwamba mteja wa mali kauli Kariakoo hurudi baada ya wiki, ilhali kiongozi wa msafara alirudi baada ya mwaka au miaka miwili, na pengine hakurudi kabisa kwa sababu ya ndui, njaa, vita au tamaa. Mwenye kukopesha alilazimika kutoza bei kubwa ili msafara uliorudi ulipie na ule uliopotea. Naye alipata faida katika kila hatua: aliuza bidhaa, alipata ujira wa kutafuta wapagazi, na pembe ziliporudi pwani alizinunua au alizichukua kulipia deni. Ni kama mtu mmoja leo awe anauza saruji, anakutafutia mafundi, anakukopesha fedha za kujengea, kisha nyumba ikikamilika ndiye dalali wa kukutafutia mpangaji.

Nyuma yake yeye pia walikuwapo wakopeshaji wakubwa wa Zanzibar, nyuma yao nyumba za biashara za Bombay, na fedha zilisafiri kati yao kwa karatasi za hundi, neno tulilolichukua kutoka kwa Wahindi hao hao. Mkubwa kuliko wote Unguja alikuwa Tharia Topan, Khoja mwenzake, aliyemkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, kwa safari zake za Kongo.

Upo ushahidi wa Sewa Haji akiwa kazini bado kijana. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alikwama Bagamoyo kwa wiki kadhaa akisubiri wapagazi. Aliyemtafutia ni kijana wa miaka 20 ambaye Stanley aliliandika jina lake kwa tahajia yake mwenyewe, Soor Hadji Palloo. Stanley aliapa kwamba kijana yule alikuwa mjanja kupita kiasi na alimchezea katika hesabu za nguo. Mimi husoma malalamiko hayo kwa tahadhari. Stanley alikuwa mgeni mwenye haraka na fedha nyingi, asiyejua bei za Bagamoyo, na mtu wa namna hiyo hutozwa zaidi popote duniani. Lakini pia hakuna sababu ya kumfanya kijana mfanyabiashara kuwa malaika kwa kuwa tu baadaye alijenga hospitali. Muhimu ni kwamba akiwa na umri huo alikuwa tayari mlango ambao hata mzungu mwenye fedha za gazeti kubwa la New York hakuweza kuukwepa.

Swali linalofuata huulizwa kwa sauti ya chini: je, mali hiyo ilitokana na utumwa? Jibu halikai katika neno moja. Tangu mwaka 1860 balozi wa Uingereza Zanzibar, Christopher Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliohesabiwa kuwa raia chini ya ulinzi wa Uingereza kuwaachia huru watumwa wao, na maelfu waliachiwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, tena waliojua kugoma wakipunjwa. Hata hivyo miongoni mwa wapagazi wa pwani walikuwamo watumwa waliokodishwa na mabwana zao na kugawana nao ujira, na bara misafara mingi ya pembe ilikuwa pia misafara ya watu waliotekwa. Nguo na baruti zilizotoka katika ghala za pwani kwa mkopo hazikuuliza zingebadilishwa na nini huko mbele. Anayesema Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara ya watumwa anasema asichoweza kukionyesha. Anayesema biashara yake haikugusana na utumwa hajui biashara ya pembe ilivyoendeshwa.

Sasa tuje kwenye utoaji wake, na hapa istilahi chache zitatusaidia. Sadaka ni kitu unachokitoa na kukisahau: umempa mwenye njaa chakula, habari imekwisha. Wakfu, katika sheria ya Kiislamu, ni mali inayofungwa isiuzwe wala kurithiwa ili manufaa yake yaende kwa jambo la kheri daima, chini ya msimamizi. Zawadi yenye sharti iko katikati: mali inahama kwa mpokeaji, lakini imefungwa na neno. Ni sawa na mzee anayewapa wanakijiji kiwanja na kusema, "Jengeni shule, lakini asikataliwe mtoto wa mtu." Kiwanja sasa ni chao, ila neno la mzee limebaki juu yake. Nguvu ya neno hilo hutegemea kitu kimoja tu, yaani kama yupo mtu wa kulidai mzee akishaondoka.

Sehemu kubwa ya utoaji wa Sewa Haji ilikuwa ya aina hiyo ya tatu, na mpokeaji mkuu alikuwa serikali ya kikoloni ya Kijerumani. Katika miaka ya 1890 aliikabidhi jengo la ghorofa mjini Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe. Alitoa pia mali kwa ajili ya hospitali mjini humo humo. Dar es Salaam, ambako Wajerumani walihamishia makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, alitoa fedha za kujenga hospitali iliyoitwa kwa jina lake. Alipofariki Zanzibar mwezi Februari 1897, akiwa na miaka 46 hivi, aliacha wosia uliokabidhi nyumba na viwanja vyake kwa serikali ili mapato yake yatunze wagonjwa na maskini, wakiwemo wenye ukoma. Wakoma hao wa Bagamoyo walikuwa wakihudumiwa na mapadre wa misheni ya Katoliki, kwa hiyo fedha za Mwislamu wa Ismailia zilipitia mikononi mwa serikali ya Wajerumani kwa faida ya watu waliotunzwa na Wakatoliki. Bagamoyo ya wakati ule ilikuwa mji wa namna hiyo.

Kwa msingi huo tunaweza kulifumbua lile fumbo la Muhimbili. Tatizo ni kwamba watu huchanganya vitu vitatu: jengo, taasisi na jina. Jengo la Hospitali ya Sewa Haji halikuwa mahali ilipo Muhimbili leo. Lilikuwa katikati ya mji, upande wa stesheni ya reli. Lilitumika tangu enzi za Wajerumani na kuendelea chini ya Waingereza. Mwaka 1956 Waingereza walifungua hospitali mpya Upanga na kuipa jina la Princess Margaret, na huduma za Sewa Haji zikahamia huko. Baada ya uhuru hospitali hiyo mpya ikaitwa Muhimbili. Kwa hiyo matofali ya Muhimbili hayakununuliwa na Sewa Haji; yeye alikuwa amekwisha kulala kaburini karibu miaka 60. Lakini huduma iliyohamia pale ndiyo ile aliyoianzisha kwa fedha zake, na jina lake likahama nayo, likabandikwa kwenye jengo moja la wodi. Waswahili tuna njia yetu ya kulieleza jambo hili: mtoto aliyepewa jina la babu yake si babu, lakini hakupewa jina lile bure.

Hapa pana kejeli ambayo huwa naifikiria kila nipitapo ua ule. Kibasila, ambaye jengo la jirani limechukua jina lake, alikuwa jumbe wa Uzaramo aliyenyongwa na Wajerumani wakati wa Vita vya Maji Maji. Sewa Haji aliwaachia Wajerumani hao hao nyumba na viwanja vyake. Wagonjwa wa leo hulazwa kwa mmoja na kuhamishiwa kwa mwingine, bila yeyote kuona ajabu.

Sharti la rangi zote nalo lina hadithi yake. Karibu wakati ule ule Wajerumani walijenga hospitali nyingine ufukweni, ile ambayo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanza kazi mwaka 1897. Hiyo ilikuwa ya Wazungu. Matokeo yake ni kwamba hospitali iliyotolewa kwa ajili ya watu wote ikawa, kwa vitendo, ya Waafrika na Waasia, kwa kuwa yule aliyekuwa na pa kwenda kuzuri zaidi hakufika pale. Hakuna aliyelivunja neno la mtoaji. Lilizungukwa tu. Shule za serikali za Kijerumani zilikuwa na mwelekeo tofauti kidogo: hazikufundisha dini, zilitumia Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi, na lengo lake lilikuwa kupata makarani na maakida (watawala wadogo wa wilayani waliowekwa na serikali), hivyo mtoto wa Mswahili Mwislamu aliweza kuingia bila wazazi kuhofia kwamba atabatizwa. Waingereza walipokuja, elimu ya Tanganyika iligawanywa waziwazi katika mafungu matatu, ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika, yenye bajeti zisizolingana hata kidogo.

Kwa nini mtu awape wakoloni mali yake? Wapo wanaosema alifanya hivyo kwa imani tu, na wapo wanaosema alinunua upendeleo. Sioni sababu ya kuchagua moja. Ni kweli kwamba katika jamuiya ya Makhoja kutoa sehemu ya pato kwa ajili ya dini na jamii ni jambo analokuzwa nalo mtoto. Ni kweli pia kwamba mfanyabiashara wa Kihindi katika nchi ya Wajerumani alikuwa katika hali ya wasiwasi: machoni pa sheria alihesabiwa kuwa chini ya Uingereza, kampuni za Kijerumani zilimwona mshindani, na maofisa walimhitaji kwa wapagazi na mahitaji ya misafara yao huku wakimshuku. Mtu wa namna hiyo akitoa shule na hospitali, gavana hawezi kumfukuza kirahisi. Tharia Topan alifanya lililo karibu na hilo upande wa pili wa maji: mwaka 1887 alianza kujenga jengo kubwa la hospitali pale bandarini Unguja kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, na mwaka 1890 akapewa cheo cha Sir. Lakini kutafuta ulinzi hakuelezi kila kitu. Kama Sewa Haji angetaka upendeleo wa Wajerumani peke yake, angeweza kuwapa jengo la ofisi au klabu yao, tena bila sharti lolote. Hakuna mkoloni aliyekuwa akimwomba afikirie wakoma, wala sharti la rangi zote halikuwa kitu cha kumfurahisha mkoloni yeyote.

Biashara yenyewe haikuzikwa pamoja naye. Miongoni mwa waliofanya kazi kwake Bagamoyo alikuwapo kijana mwingine wa Kutch, Allidina Visram, aliyefika pwani mwaka 1863 akiwa na miaka 12 tu. Sewa Haji alipofariki, Allidina ndiye aliyeichukua biashara ile, na aliona upesi kwamba siku za mpagazi zinahesabika. Akaifuata reli: kila ilipofika, duka lake lilifika, hadi Kisumu, Kampala na kwingineko Uganda. Alifariki mwaka 1916, na mwanawe akajenga shule Mombasa kwa kumbukumbu yake, Allidina Visram, iliyofunguliwa mwaka 1923 na inayosomesha mpaka leo. Bagamoyo, ambayo haikufikiwa na reli ya kati, ilibaki na majumba yake.

Mojawapo ya majumba hayo ni lile la shule. Leo linaitwa Shule ya Msingi Mwambao. Migawanyo ya rangi katika elimu iliondolewa Tanganyika mwaka 1962, na tangu hapo hakuna sheria inayomkataza mtoto yeyote wa mji ule kuketi katika madarasa yake. Wanaosoma humo sasa ni watoto wa wavuvi, wa wauza samaki, wa mafundi na wa watumishi wa serikali, na wengi wao, kama ndugu wa wagonjwa wa Muhimbili, hawajui jengo lilikuwa la nani.